Kukosoa Kitabu Usichokifungua

Mjini Kampala kuna swali linalomaliza mabishano ya dini haraka kuliko askari anayepita: "Wewe, hicho kitabu umekisoma?" Likishatupwa, anayebisha ama hunyamaza, ama huanza kutafuta kichwani aya aliyoisikia kwa jirani, na waliosimama pembeni wakacheka. Aliyeuliza huondoka kifua mbele, ingawa hoja yenyewe hakuigusa. Nimelisikia likielekezwa kwa mlokole aliyekuwa akiiponda Qurani karibu na stendi ya zamani ya takisi, kwa mhubiri wa Kitabliki, yaani Mwislamu wa kundi la Tabligh, mwenye Biblia iliyojaa vikaratasi kila kona, na kwa kijana aliyezitupa dini zote mbili akisema ni vitabu vya wageni. Wote watatu walikwama palepale.

Swali lenyewe ni la haki. Asiyewahi kufungua kitabu hana sababu ya kutuhadithia kilichomo. Lakini ndani ya swali hilo moja yamesokotwa maswali kadhaa, na anayelirusha mara nyingi hajui ni lipi analouliza. Kusoma ni kufanya nini? Kusoma kiasi gani? Kwa lugha ipi? Na anayekosolewa ni nani hasa: andiko, aliyelifasiri, au anayelitumia kumwonea mwenzake? Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji asipate shida ya kunitafuta. Si lazima umalize kitabu kizima ndipo upate ruhusa ya kukikosoa. Lazima uwe umesoma mahali unapopakosoa pamoja na yaliyopazunguka, na ujue unayemkosoa ni nani.

Nchi iliyoanza na wasomaji

Dini hizi ziliingia Buganda zikiwa zimeshikana na elimu ya kusoma. Wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani walifika kwa Kabaka (mfalme) Suuna II katika miaka ya 1840. Mwanawe, Mutesa I, akaenda mbali zaidi: tangu 1867 alifunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi na kuwataka watu wake wafuate. Waliojiunga, Waislamu kwanza na Wakristo baadaye, waliitwa wasomaji. Jina liliwastahili, kwa maana kijana wa ikulu aliyeianza dini alianza na herufi.

Wasomaji hao hawakukawia kumgeuzia mfalme kile walichojifunza. Mwaka 1876 vijana wa Kiislamu wa pale ikulu, baada ya kufundishwa na walimu waliotoka upande wa Misri na Sudan, walikataa nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka, wakakataa pia kusali nyuma ya mtu asiyetahiriwa. Kabaka hakuwa ametahiriwa, kwa kuwa mila ya Buganda haikuruhusu damu yake imwagike. Vijana wapatao 70 waliuawa Namugongo, miaka kumi kabla ya mashahidi wa Kikristo tunaowaadhimisha kila tarehe 3 Juni. (Mahujaji wanaojazana Namugongo kila mwaka ni wengi mno, lakini hao 70 hutajwa kwa nadra.) Itazame vizuri aina ya ukosoaji wao. Hawakuishutumu dini ya mfalme. Walisema mfalme mwenyewe haifuati, na waliweza kusema hivyo kwa sababu walikuwa wamefundishwa inasema nini.

Biblia nayo ilifika kwa lugha yetu. Msafiri wa Kizungu Henry Stanley alipopita mwaka 1875 alimwacha Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni ya Kianglikana ya Zanzibar, amsomee Mutesa maandiko kwa Kiswahili. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, wakafika 1877, wamisionari Wakatoliki wa shirika la White Fathers wakafika Februari 1879, na ugomvi haukuchelewa. Alexander Mackay wa CMS ameandika kwamba padri Simeon Lourdel, mbele ya Kabaka, alikataa kushiriki sala ya Waprotestanti na kusema kwamba kitabu chao hawakijui, kwa sababu ni uongo mtupu. Haya ni maelezo ya upande mmoja wa ugomvi, tuyapokee hivyo. Lourdel, padri aliyesomea kazi yake, Biblia aliijua. Alichokikana ni kitabu kikiwa mikononi mwa wapinzani wake. Lakini hebu isikilize ile kauli: hatukijui, kwa sababu ni uongo. Hukumu imetangulia, na kutokijua kitabu kumegeuzwa kuwa sehemu ya hukumu. Mutesa, ambaye kwa kusikiliza mabishano hakuwa na mshindani, alibaki akijiuliza kwamba ikiwa Wazungu wenyewe hawapatani, yeye amfuate nani.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote uko Mbale. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza eneo kubwa la mashariki ya Uganda, alikuwa Mprotestanti. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa imekamilika mwaka 1896, kazi ya George Pilkington akisaidiana na Henry Wright Duta. Ilichapwa kwa umbo fupi na nene ili ienee ndani ya mikebe ya biskuti, isiliwe na wadudu. Kwa hiyo Kakungulu hakuhitaji Mzungu wa kumweleza kilichomo. Kwanza alijiunga na Bamalaki, waumini waliojitenga na Kanisa la Kianglikana tangu 1914 hivi wakikataa dawa za hospitali, na hoja zao wakizitoa humohumo kwenye Biblia. Kisha akaendelea kusoma. Vitabu vya Musa vikamkosesha usingizi. Mwanzo 17 inaita tohara agano la milele, na Kutoka 20 inataja siku ya saba. Mbona kanisa linatulia Jumapili na halitahiri mtu? Alipoambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, akajibu kwamba basi na yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, na mwaka 1922 akatoa kitabu chake cha sala na kanuni kwa Kiganda. Alifariki 1928. Jamii aliyoianzisha, Abayudaya, ingali inaishi kwenye vilima vinavyouzunguka mji wa Mbale, na sinagogi lao linalojulikana zaidi liko Nabugoye.

Wapo wanaosema Kakungulu alikuwa na hasira tu, kwa kuwa Waingereza walimnyima ufalme aliouota. Hasira ilikuwepo, tena kubwa. Lakini si hasira iliyomwonyesha Sabato ni siku ya ngapi. Alilikosoa kanisa kwa kitabu cha kanisa lenyewe, na aliyetaka kumjibu alilazimika kukifungua kitabu hichohicho, pengine kuanzia barua kwa Wagalatia, ambako Paulo anaipinga tohara kwa maneno makali. Unaweza kukataa alikofikia. Huwezi kumtupia swali letu la Kampala.

Ni nani basi aliyesoma?

"Kusoma chote" ni kipimo kinachoteleza. Biblia ya Waprotestanti ina vitabu 66, ya Wakatoliki 73, na Waorthodoksi wana zaidi. Ile ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma tatu kila siku na tano Jumapili, utaimaliza kwa mwaka, ukivumilia majina ya Hesabu na vipimo vya hema la kukutania. Mkatoliki anayehudhuria misa kila Jumapili husikia masomo yaliyopangwa katika mzunguko wa miaka mitatu, na hata akiumaliza mzunguko huo, kuna sehemu kubwa za Agano la Kale ambazo hatazisikia zikisomwa kanisani hata siku moja, hasa zile za vita na za sheria.

Qurani ina sura 114 na aya zaidi ya 6,200, zimegawanywa katika juzuu 30, na misikiti mingi huimaliza mwezi wa Ramadhani katika sala ya tarawehe, juzuu moja kila usiku. Kwa kipimo cha masikio, basi, Mwislamu mwenye bidii amekisikia kitabu chake chote mara nyingi kuliko Mkristo wa kawaida. Lakini mtoto anayehitimu Qurani Bombo, Arua au Kisenyi anaweza kuisoma yote kwa tajwidi safi na asijue maana ya aya ndefu hata moja. Kwa desturi ya Uislamu hilo si dosari. Kuisoma kwa Kiarabu ni ibada yenyewe, na tafsiri huhesabiwa kuwa maelezo ya Qurani, si Qurani. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: mtu aliyesoma tafsiri ya Kiswahili toka jalada hadi jalada anaweza kuambiwa hajaisoma Qurani, na anayemwambia hivyo akawa hajui hata nusu ya yaliyomo.

Nimekulia katika kambi ya polisi, mahali ambapo Kiswahili ndiyo lugha ya ua mzima na majirani ni wa dini zote. Tulikula Idi kwa Waislamu na Krismasi kwa Wakristo, na sikumbuki mzazi hata mmoja aliyewahi kumwuliza mwenzake kama amekisoma kitabu chake. Dini ilikuwa sala, saumu, nyimbo, mazishi, na sahani iliyofunikwa ikipelekwa kwa jirani. Imani ya watu wengi haikai kwenye kurasa, na sioni kosa hapo. Sensa ya 2014 ilihesabu Wakatoliki kama asilimia 39, Waanglikana 32, Waislamu karibu 14 na Wapentekoste 11. Ukianza kuwadai watu hao wote ushahidi wa kusoma, utabaki na waumini wachache sana.

Ila sasa tazama upande huu. Anayekosoa huulizwa kama amesoma. Anayesifu haulizwi. Mtu anasimama mbele ya umati anasema, "Kitabu hiki hakina kosa hata moja," na watu wanaitikia amina au takbiri. Mwingine anasema, "Mahali hapa pana tatizo," na papo hapo anadaiwa awe amemaliza kitabu. Kwa kipimo cha akili ya kawaida ingekuwa kinyume. Anayedai kwamba hakuna kosa popote ndiye anayesema habari ya kitabu kizima, hivyo ndiye anayehitaji kuwa amekipitia chote. Anayetaja mahali pamoja anahitaji kupajua mahali pale. Hoja hii haimpi mkosoaji ushindi wowote. Inahamisha tu mzigo wa ushahidi kutoka mahali ulipowekwa kwa mazoea.

Anayepigwa si aliyelengwa

Lawama nyingi zinazotupiwa vitabu hivi hukosea anwani. Kuna anayeitukana Qurani kwa sababu ya wale mahurulaini (wanawali wa peponi) 72 wanaosemekana kumngoja shahidi. Mahurulaini wametajwa ndani ya Qurani, lakini hiyo idadi haimo; imetoka katika hadithi, yaani mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume. Kuna anayeilaani kwa adhabu ya kumpiga mzinifu mawe. Sura ya 24, aya ya 2, inataja mijeledi mia moja. Kupiga mawe kumetoka katika hadithi na katika fikihi (elimu ya sheria ya Kiislamu) iliyojengwa juu yake. Andiko linaloamuru mzinifu auawe kwa mawe liko katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, na mara nyingi anayelaani anakuwa amelishika mkononi. Hii haina maana kwamba Waislamu hawana la kujibu kuhusu adhabu hiyo. Wanalo. Lakini mjadala wake ni juu ya nguvu ya hadithi na kazi ya wanachuoni, si juu ya Qurani pekee, na anayeujua mpaka huo ndiye atakayesikilizwa.

Kwa Wakristo mambo ni yaleyale, ila ni mepesi zaidi. Tunda la Edeni halikutajwa jina. Mamajusi wa Mathayo 2 hawakuhesabiwa kuwa watatu. Zilizotajwa ni zawadi tatu. Na "Mungu amesema jisaidie nami nikusaidie", kauli inayotolewa kwenye kila harambee, haimo katika Biblia wala katika Qurani, ingawa Mwislamu anaweza kukuonyesha Sura ya 13, aya ya 11, na kukuambia kuna kitu kinachokaribiana nayo.

Kisha kuna anwani ya tatu, nayo ni matendo. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na miili mingine mingi ikafukuliwa baadaye katika nyumba za viongozi. Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa kaskazini mwa Uganda, naye alidai anataka nchi itawaliwe kwa Amri Kumi. Kuwakosoa watu hawa hakuhitaji kusoma chochote. Aliyenusurika kijijini kwake Acholi ana haki yote ya kusema bila kufungua kitabu. Kusoma kunahitajika pale mtu anapopiga hatua nyingine na kusema kwamba Amri Kumi ndizo zilizozaa hayo. Hapo afungue Kutoka 20, aone iliyokatazwa ni nini, halafu aeleze amri ya "usiue" ilipitia njia gani hadi ikafika Kanungu. Hata hivyo kundi lile lilikuwa na maandiko yake lenyewe, yaliyodaiwa kuwa ni ujumbe uliotoka mbinguni, na ndiyo mkosoaji makini angeanza nayo.

Nusu aya

Waislamu wana mzaha wao wa zamani kuhusu jambo hili. Mvivu wa sala hukusomea Sura ya 107, aya ya 4: "Basi ole wao wanaosali." Akishafika hapo hufunga msahafu. Aya inayofuata inasema ni wale wanaopuuza sala zao. Mwingine hukunukulia Sura ya 4, aya ya 43, "Msikaribie sala," na kuacha "hali mmelewa". Huo ni utani wa waumini wenyewe, lakini ndio ufundi uleule unaotumika kwa dhati kwenye mihadhara ya barabarani. Sura ya 9, aya ya 5, inayoamuru washirikina wauawe, husomwa bila aya ya 6, inayoamuru kwamba mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Luka 19:27, ambapo maadui wanaletwa wachinjwe, husomwa kana kwamba Yesu anawaagiza wanafunzi wake, wakati yanayosemwa ni maneno ya mfalme aliye ndani ya mfano wa mafungu kumi. Na "Hakuna Mungu" imo katika Zaburi 14, ikiwa imetanguliwa na jina la msemaji wake: mpumbavu.

Mtindo huu wa mihadhara unamdai mengi marehemu Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, ambaye hotuba zake zilizunguka Afrika Mashariki kwa kanda za video. Deedat Biblia aliisoma, tena kwa kalamu mkononi. Wengi waliomfuata walirithi orodha ya mistari, bila ile miaka ya kusoma iliyoizaa. Wakristo waliojitokeza kuwajibu wakatengeneza orodha yao ya aya. Siku hizi unaweza kushuhudia mabishano ya saa mbili kati ya watu wawili wenye orodha mbili, kila mmoja akisoma kitabu cha mwenzake kuliko chake, na hakuna aliyesoma aya ya juu wala ya chini.

Hata hivyo nisije nikaeleweka kwamba kusoma zaidi hulisafisha andiko kila mara. Si kweli, na wanaotetea vitabu kwa kusema "umetoa nje ya muktadha" wanapenda kujificha hapo. Soma 1 Samweli 15 yote, utakuta amri ya kuwaua Waamaleki pamoja na watoto wanyonyao, na Sauli analaumiwa kwa kubakiza. Soma Hesabu 31 yote: watoto wa kiume wanauawa, mabikira wanabakizwa. Muktadha haupunguzi kitu hapo, unaongeza. Sura ya 4, aya ya 34, inayomruhusu mume kumpiga mke baada ya kumuasa na kumhama kitandani, imewasumbua wafasiri Waislamu kwa karne nyingi. Wapo walioweka masharti hadi kipigo kikabaki cha jina tu, na wapo wa siku hizi wanaobisha hata maana ya kitenzi chenyewe. Mkosoaji halazimiki kuridhika na majibu hayo. Analazimika kujua kwamba yapo, kwa sababu asipojua atafika barazani na swali ambalo wenyewe walianza kuulizana kabla babu yake hajazaliwa.

Waliosoma ili wapinge

Tafsiri ya kwanza kamili ya Qurani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na padri Mwanglikana wa misheni ya Zanzibar, Godfrey Dale. Hakuifanya kwa mapenzi ya Uislamu. Alitaka walimu wa Kikristo wajue wanachokabiliana nacho, na aliijaza maelezo ya kuonyesha makosa aliyoyaona. Mwaka 1953 ikatoka tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi wa jumuiya ya Ahmadiyya. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwanachuoni wa Zanzibar, aliyaona maelezo ya Waahmadiyya kuwa ni upotofu, akayajibu, na mwaka 1969 akakamilisha ya kwake, ambayo ndiyo iliyoingia katika nyumba nyingi za Waswahili. Kila mmoja katika hawa alikuwa mpinzani wa mtu. Upinzani wao uliwalazimisha kuketi na maandishi kwa miaka, na Mwislamu wa Kampala asiyejua Kiarabu leo anaelewa kitabu chake kwa sababu, kwa sehemu, watu waligombana vizuri.

Linganisha na kisa cha 2017, pale mchungaji mmoja mashuhuri wa Kampala alipochoma nakala za Biblia hadharani akidai kwamba matoleo hayo yamechezewa na maneno yameondolewa. Watu walishangaa kwamba mchungaji anachoma Biblia, na wakaishia hapo. Mimi lililonishughulisha ni dai lenyewe, maana halikutoka hewani. Matoleo mengi ya karne iliyopita kweli hayana mistari fulani ndani ya matini. Tafuta Mathayo 17:21: baadhi yao yanaruka kutoka 20 hadi 22. Sababu yake ni hii. Biblia ya King James ya mwaka 1611 ilitegemea nakala za Kiyunani zilizokuwa zimechapwa Ulaya katika karne ya 16. Baadaye zikapatikana nakala za mkono zilizo kongwe zaidi, ikiwemo ile ya karne ya 4 iliyotoka katika monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, na mistari kadhaa haimo ndani yake. Wanazuoni wengi wakaona kwamba iliongezwa na wanakili, wakaishusha chini ya ukurasa kama maelezo. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ya Union, imeuacha mstari huo mahali pake, lakini ndani ya mabano. Mabano hayo yamekuwa mbele ya macho ya wasomaji wa Kiswahili muda wote huu. Anayetaka kulikosoa toleo kwa kuondoa maneno ana njia iliyo wazi: asome utangulizi na maelezo ya chini, aone watafsiri wamejitetea vipi, kisha awapinge. Moto haujibu kitu.

Sheria ya nchi, kwa upande wake, haina habari na kusoma. Katiba ya 1995 inasema Uganda haitakuwa na dini ya serikali, na inalinda uhuru wa dhamiri. Papo hapo sheria ya makosa ya jinai, tangu enzi za ukoloni, ina kosa la kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini za mtu. Inachouliza ni nia. Msomi wa miaka 30 aliyekusudia kuumiza anaweza kuwa na kesi, na mjinga aliyeropoka bila kukusudia akatoka. Inafaa kulikumbuka hilo kabla ya kupanda jukwaani na orodha yako.

Na dini isiyo na kitabu?

Mpaka sasa nimezungumza kana kwamba kila dini ina kitabu. Uganda, dini inayolaaniwa zaidi kuliko zote na watu wasioijua haina kitabu chochote. Mhubiri yeyote, wa msikitini au wa kanisani, anaweza kusema kwamba Lubaale, miungu ya jadi ya Waganda, ni mashetani na masabo, yaani nyumba zao za ibada, yachomwe, na hakuna atakayemwuliza amesoma nini. Baadhi yamechomwa kweli. Hapa kanuni ya "soma kwanza" inageuka kuwa ulinzi kwa wenye maandishi peke yao.

Lakini kutokuwa na kitabu si kutokuwa na kitu cha kujifunza. Apolo Kagwa, Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda na Mprotestanti aliyepigana vita vya dini, aliandika kwa Kiganda habari nyingi za mila za watu wake, miungu ikiwemo, na mmisionari John Roscoe alikusanya habari nyingine kwa msaada wake. Roscoe huyohuyo ndiye aliyepeleka Cambridge masalia ya Kibuuka, mungu wa vita. Yalikaa huko hadi yaliporudishwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru, yakawekwa katika Makumbusho ya Uganda pale Kamwokya. Hekalu la Kibuuka lilikuwa Mbaale ya Mawokota, wilaya ya Mpigi, mwendo mfupi kwa takisi kutoka Kampala, na huko wapo wazee wanaoeleza ukiwauliza kwa adabu. Kazi ya kuwauliza ni ngumu kuliko kusoma, maana mzee hana faharasa, na atakujibu anapotaka. Wahubiri nimewasikiliza wengi wakimlaani Kibuuka. Sijamsikia bado aliyeanza kwa kusema, "Nilikwenda Mpigi, nikaambiwa hivi."